Ufundi wa Kuachia

Karai lake ni lile lile la kubebea zege, ila kingo zimelainika kwa kushikwa miaka mingi. Mama ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya kidimbwi cha maji yenye rangi ya chai ya maziwa, kwenye mwalo mmoja wa kuoshea dhahabu, maeneo ya Rwamgasa, mkoani Geita. Nyuma yake karasha inanguruma, inasaga mawe yaliyopandishwa kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji. Mbele yake kuna rundo dogo la mchanga wa kijivu, uliokung'utwa kutoka kwenye magunia yaliyotandikwa juu ya ubao wa kuoshea. Namsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye anaitikia bila kuinua macho. Mikono iko kazini.

Anachota mchanga, anauzamisha. Kwanza hamwagi kitu. Mgeni akipewa karai hukimbilia kumwaga. Yeye huanza kwa kutikisa tu, karai likiwa limelala sawasawa chini ya maji, kulia na kushoto, kwa mtikisiko mfupi wa kifundo cha mkono. Mchanga unalegea, unakuwa kama uji. Ndani ya uji huo kila punje inapata nafasi ya kwenda inakostahili: nyepesi inapanda, nzito inazama. Ndipo analiinamisha kidogo, anachovya ukingo wa mbele, anaurudisha. Wimbi dogo linaingia, linatoka, na linapotoka linaondoka na utando mwembamba wa mchanga wa juu. Anatikisa tena. Anachovya tena. Nilihesabu hadi mara sitini, nikaacha.

"Usiukimbize, mwanangu," aliniambia niliposhika karai mimi. "Mchanga unajua njia. Wewe uachie wa juu tu, wa chini utabaki wenyewe."

Mwishoni linabaki fumba moja la mchanga mweusi, mzito, wenye chuma. Anatia maji kidogo, anazungusha polepole, na ule weusi unafunguka kama mkia. Nyuma kabisa ya mkia, uzi wa njano, mfupi kuliko ukucha.

Nilikwenda Geita nikitaka kuyaelewa mawe yake. Somo la kwanza nilipewa na karai hilo, kwa sababu kazi anayoifanya mama huyu kwa mikono miwili ndiyo kazi ambayo maji yameifanya katika nchi hii tangu zamani isiyosemeka: kubeba vyote, kisha kuachia kimoja kimoja, kila kitu mahali pake. Yaliyoachiwa tunayaita mashapo, neno lile lile la kinachobaki chini ya kikombe cha kahawa. Na mashapo yakikaa muda wa kutosha huwa mwamba.

Siri ya karai imo katika uzito. Dhahabu safi ina uzito mara 19.3 ya maji ya ujazo ule ule. Kwatzi, jiwe jeupe linalounda sehemu kubwa ya mchanga, ni mara 2.65 tu. Ukizipima hewani, dhahabu inaizidi kwatzi mara saba na kitu. Lakini maji huinua kila kinachozamishwa ndani yake, na humpunguzia mwepesi zaidi kuliko mzito. Ndani ya maji, tofauti ile ya mara saba inafika mara kumi na moja. Kwa hiyo maji hayakuletwa pale kusafisha tu. Yanakuza tofauti iliyokuwepo, hadi mkono wenye subira uweze kuishika.

Maji hayawezi kupanga kitu ambacho hakijavunjwa, na kwenye mwalo kuvunja ni kazi ya karasha. Porini kazi hiyo inafanywa kimya kimya. Ukitoka Mwanza kuelekea Shinyanga unayaona majabali ya granaiti, mengine yamepangana moja juu ya jingine kana kwamba kuna aliyeyabeba. Yalikuwa mwamba mmoja. Jua la mchana linaupasha, baridi ya usiku inausinyaza, na ufa unazaliwa. Mvua inaingia kwenye ufa ikiwa imebeba hewa ya ukaa, na hiyo inaifanya iwe na uchachu hafifu mno. Uchachu huo unaila feldispa, madini yanayojaa kwenye granaiti, na kuigeuza taratibu kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi hailiki kirahisi. Inabaki punje na kudondoka kama mchanga. Mizizi ya mti inasukuma, ganda la jiwe linabanduka. Papasa jabali la zamani kwa kiganja, utabaki na punje mkononi. Ndivyo mlima unavyoondoka.

Kinachofuata wakulima wa Kisukuma wamekijua kwa vizazi, na wamekipa majina. Karibu na vilima kuna luseni, mchanga mwepesi unaofaa mihogo na karanga. Ukiteremka unakutana na itogolo, udongo unaokauka ukawa mgumu. Chini zaidi ni ibushi, wenye chembe za chokaa, na bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, catena, na neno hilo likaingia katika vitabu vya udongo dunia nzima. Mkulima wa Shinyanga alikuwa akiutembea mnyororo huo kila asubuhi akienda shambani. Alijua kwamba punje kubwa haiendi mbali, na kwamba kilicho laini ndicho kinachofika bondeni.

Hapo kuna kanuni nzima. Maji yenye kasi yana nguvu ya kubeba; maji yaliyochoka huachia. Korongo likifurika mwezi wa tatu linavingirisha mawe ya ukubwa wa vichwa, na unayasikia yakigongana. Mteremko ukipungua, mawe yanaachwa kwanza. Mbele kidogo kokoto, mbele zaidi mchanga, na mchanga huo ndio malori yanakuja kuuchota kwa ujenzi, umekwisha chekechwa bila chekecheo. Tope jembamba linaendelea na safari hadi maji yasimame kabisa. Karibu na Mwadui, kanuni hii iliwapa watu riziki. Bomba la mwamba wa volkano ambalo John Williamson aliligundua mwaka 1940, lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, limekuwa likimomonyolewa na mvua tangu lilipozaliwa. Almasi ina uzito mara tatu na nusu ya maji, inaizidi kwatzi, basi maji yaliiachia mapema, pamoja na kokoto. Wachimbaji wadogo wa Maganzo wanaochekecha kokoto hizo wanafuata uamuzi ambao maji yaliutoa zamani.

Na tope lililobaki? Kila nyumba ya Shinyanga inayochota maji lamboni inaijua kazi yake. Maji yanaletwa meupe kama maziwa, yanamiminwa mtungini, yanafunikwa, yanaachwa. Punje ya mchanga yenye upana wa sehemu mbili za kumi za milimita huzama mita moja kwa muda usiofika dakika. Chembe ya mfinyanzi yenye upana wa sehemu mbili za elfu za milimita inahitaji siku tatu hivi kuzama mita hiyo hiyo, tena maji yakiwa hayajaguswa. Ndiyo maana watu hutia shabu, au mbegu za mlonge zilizotwangwa: chembe zinashikana, zinakuwa bonge, zinashuka kwa pamoja. Ziwa lenye chumvi hufanya hivyo bila kutiwa kitu. Waswahili wanasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mimi nimeuona mtungi kuwa ziwa: juu safi, chini tabaka la tope laini kama krimu, limelala sawasawa kuliko mkono wowote ungeweza kulilaza.

Ziwa la namna hiyo liliwahi kuwepo kusini mwa Shinyanga. Mto Manonga leo unakusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tambarare za Wembere, na kwa miezi mingi ni mchanga mkavu. Lakini kwenye kingo za bonde lake, maeneo ya Tinde, Ibole na Kiloleli, kuna tabaka za mfinyanzi, tope na mchanga zilizotua ziwani na kandokando yake kati ya miaka milioni tano na nusu na milioni nne iliyopita, kwa kukadiria. Wanajiolojia wamezipa tabaka hizo majina ya vijiji hivyo: Ibole chini, Tinde katikati, Kiloleli juu. Katika miaka ya 1990 timu iliyoongozwa na Terry Harrison ilizipekua, na matokeo yakatoka kwenye kitabu mwaka 1997. Walikuta samaki, mamba, viboko, nguruwe wa aina zilizokwisha toweka, na ndovu wa kale aitwaye Anancus, ambaye pembe zake zilinyooka kama mikuki. Mfupa wa kiboko ukiachwa juani unaliwa na fisi na kuwa vumbi. Tope la Tinde liliufunika, likauzuia usiguswe na hewa, na madini ya majini yakaingia kwenye vitundu vya mfupa. Wasafiri wanaosimama njia panda ya Tinde kununua maji ya kunywa wako jirani na ziwa zima lililohifadhiwa chini ya ardhi.

Tope kugeuka jiwe ni kazi ya vitu viwili, uzito na gundi. Tope lililotua leo lina maji mengi kuliko udongo. Chembe zake zimekaa ovyo, kama karata zilizomwagwa. Mwakani linakuja tabaka jingine juu yake, na mwaka unaofuata jingine. Mzigo unaongezeka, maji yanakamuliwa, chembe zinalala bapa, zinabanana. Mtu anayefyatua matofali anajua nusu ya habari hiyo mikononi mwake: tofali lililoshindiliwa vizuri linasimama hata kabla ya kuchomwa.

Gundi utaiona ukienda kwenye udongo wa ibushi. Fukua kidogo utapata vijiwe vyeupe, vina vinundu, ukubwa wa njugu mawe hadi ngumi. Hakuna aliyevileta. Mvua ilipoila granaiti kule juu iliyeyusha pia chokaa kidogo, ikateremka nayo ardhini, na jua la kiangazi lilipoyavuta maji, chokaa ikaachwa nyuma. Msimu baada ya msimu ikajikusanya kwenye punje ile ile. Nilikikata kimoja katikati kwa nyundo: ndani nikakuta mchanga, vipande vya mizizi ya zamani na udongo, vyote vimeshikwa na weupe ule kama zege. Nilikamulia tone la limau. Povu likapanda, likachemka kwa sauti ndogo ya kuungua. Hicho kilikuwa mchanga ulioanza safari ya kuwa mwamba, mkononi mwangu, kabla ya kufika kina chochote. Chini zaidi gundi huwa chokaa, au silika, au kutu ya chuma inayoyapa mawe wekundu wa tofali. Hata simenti ya dukani inachukua chokaa yake kwenye mawe yaliyotokana na mashapo.

Si kila kuachia ni kwema kwa anayeishi juu ya ardhi. Mlima ukiachia udongo mwingi kuliko jembe linavyoweza kuvumilia, ziwa linanenepa na shamba linakonda. Shinyanga ililijua jambo hilo kwa uchungu baada ya misitu yake kufyekwa, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha heshima ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumue. Nyasi za ngitili zinafanya kwa mteremko kile mama anachofanya kwa kifundo cha mkono: zinapunguza kasi ya maji, na udongo unabaki ulipo. Anayejua kuachia lazima ajue pia kushika.

Sasa turudi Geita, kwenye vilima vyenyewe. Mwamba maarufu wa hapa una mistari, mweusi, mwekundu, mweupe, membamba kama kurasa za daftari, tabaka juu ya tabaka. Peleka sumaku kwenye mstari mweusi, inang'ang'ania. Mwamba huo ulianza kama mashapo kwenye sakafu ya bahari, karibu miaka bilioni 2.7 iliyopita, wakati hakuna jani, samaki wala konokono popote duniani. Hewa haikuwa na oksijeni ya maana. Bahari ilibeba chuma kilichoyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi, kikiwa kimetoka kwenye chemchemi za moto za chini ya bahari. Hali ya maji ilipobadilika, chuma kilishindwa kuendelea kuyeyuka, kikawa chembe, kikanyesha polepole hadi chini. Kisha silika, kisha chuma, kisha silika. Volkano za jirani ziliporomosha majivu na mchanga, na wingu lile zito la tope lilipotua lilijipanga lenyewe, punje kubwa chini, laini juu. Baadaye ardhi iliyakunja mashapo hayo na kuyapika, hadi mistari ikapinda kama mkeka uliosukumwa ukutani. Lakini mistari haikufutika.

Na dhahabu? Hapa ndipo nilipoinua kofia yangu. Dhahabu haikuwa imetua baharini pamoja na tabaka zile. Ilikuja baadaye, ndani ya maji ya moto yaliyopanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa, ikiwa imeshikwa na salfa kama abiria aliyeshika mkono wa mwenyeji wake. Maji yale yalipopita kwenye mistari ya chuma, salfa iliiachia dhahabu na kukishika chuma, vikawa madini ya njano yenye kung'aa ambayo macho ya mgeni huyadhania dhahabu. Dhahabu ya kweli, ikiwa imebaki bila wa kuibeba, ikatua pale pale. Nyankanga, Geita Hill, mashimo makubwa ya mgodi uliofunguliwa mwaka 2000, yote yanafuata mahali ambapo dhahabu iliachiwa kwa sababu kulikuwa na chuma cha kupokea salfa. Tope lililotua bila haraka baharini ndilo lililoandaa mapokezi, mamilioni ya miaka kabla mgeni hajafika. Anayedhani Geita ilibahatika tu hajayaangalia mashapo.

Mchana huo, mama alipomaliza, alinipeleka nyuma ya mwalo kunionyesha marudio, mchanga uliokwisha oshwa. Vijana walikuwa wanaukata kwa sepetu kuupeleka kuoshwa tena kwa kemikali, na ukuta waliouacha ulikuwa umenyooka, kimo cha mtu. Nilipiga magoti. Ulikuwa na mistari. Kila siku ya kazi ilikuwa imeacha tabaka lake: chini mchanga wa kukwaruza, juu tope laini la kijivu, kisha tena mchanga, tena tope. Karasha ilikuwa imesaga mwamba wa bahari ya kale ndani ya saa chache, na kidimbwi, bila kufundishwa na mtu, kimeanza kuujenga upya kwa mpango ule ule.

Mashapo hayachagui cha kutunza. Ndani ya ukuta ule kulikuwa na zebaki pia, ile inayotumika kukusanya chembe za dhahabu mwishoni mwa uoshaji; inaponyoka, inatua na tope na kukaa, na mvua ikija inateremka hadi mtoni na kwa samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na kazi ya kuiondoa mialoni bado inaendelea. Ninaitaja kwa sababu nampenda mama huyu na kazi yake. Zebaki huwadhuru kwanza wanaoikaribia zaidi, na anayekaa karibu nayo kuliko wote ni yeye.

Nilimwonyesha mistari ya ukuta kwa kidole, nikamweleza bahari iliyokuwa hapa, chuma kilichonyesha, dhahabu iliyoachiwa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliugusa mstari mmoja wa chini, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupima.

"Huu ni wa mvua za vuli," alisema. "Siku ile maji yalikuwa na nguvu. Ona, umebaki mchanga mkubwa tu."

Akarudi kwenye ndoo yake, akachota karai lingine, akalilaza sawasawa chini ya maji.